Juma la Mtunzi wa Vitisho

Katika mji wa Bangor, jimbo la Maine, huko Marekani, iko nyumba moja kubwa ya kizamani yenye uzio wa chuma, na juu ya lango la uzio huo mhunzi amefua popo na utando wa buibui. Stephen King na mkewe Tabitha waliinunua nyumba hiyo mwaka 1980, na tangu hapo wapita njia wamekuwa wakisimama mbele yake kupiga picha. Walitafutalo si gumu kulikisia. Mtu aliyeandika habari za mbwa mwenye kichaa, hoteli yenye pepo na makaburi yasiyokubali kukaa kimya, yamkini hali kama watu wengine walavyo, wala halali kama wao. Popo wale wa chuma waliwekwa kwa mzaha, lakini mzaha huo umewapa watazamaji kitu walichokijia, nao huondoka wameridhika, pasipo kujua ya kuwa nyuma ya lango hapakuwa na siri ila ratiba.

Ratiba yenyewe imeelezwa katika kitabu chake juu ya kazi ya uandishi, On Writing, kilichochapishwa mwaka 2000. Asubuhi ni ya kazi mpya. Alasiri ni ya usingizi mfupi na barua. Jioni ni ya kusoma, ya jamaa, ya kuitazama timu ya Boston Red Sox ikicheza besiboli katika televisheni, na ya masahihisho yasiyoweza kungojea kesho. Kipimo cha asubuhi alichojiwekea siku zile kilikuwa kurasa 10, yaani maneno 2,000 hivi. Zamani alizoea kuwaambia wenye magazeti ya kuwa huandika kila siku isipokuwa Krismasi, sikukuu ya uhuru wa nchi yake na siku ya kuzaliwa kwake. Baadaye akakiri ya kuwa maneno hayo yalikuwa uongo, maana kazi ikiwa mkononi huandika hata katika siku hizo tatu. Juma lake basi halina Ijumaa wala Jumapili. Ni juma la fundi seremala mwenye maagizo mengi, na lau isingalikuwa kwa vitu vitokavyo katika karakana yake, hapana mtu ambaye angalilitazama mara mbili.

Ni utulivu huo hasa unaozaa swali. Je, ni halali mtu kupika hofu asubuhi, akawapakulia maelfu ya watu asiowajua, kisha jioni akaketi kwa raha na watoto wake? Wako wasemao ya kuwa si halali. Kwa maoni yao hofu ni maradhi, na mwenye kuyaeneza hali yeye hayamshiki ni mfano wa mtu atiaye sumu kisima cha jirani akanywa cha kwake. Wengine husema hofu ya kitabuni ni mchezo tu. Msomaji ameinunua kwa hiari yake, na aweza kukifunga kitabu saa yoyote apendayo. Jawabu la kwanza ni kali mno na la pili ni jepesi mno. Yote mawili yamesahau kuuliza hofu hiyo yatoka wapi, yaishia wapi, na ni nani anayeilipia.

Mtu aliyelelewa katika pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuidhani hofu ya kutungwa kuwa ni kitu kigeni. Bibi aliyesema “Paukwa” akaitikiwa “Pakawa” aliwaletea wajukuu zake zimwi mpaka ukingoni mwa mkeka. Aliyaeleza meno yake, akaieleza njaa yake, akaiga na sauti yake, na hadithi ilipokwisha alilala usingizi mzito kuliko wao. Hakuna aliyemwita mnafiki. Walakini bibi alikuwa na jambo moja ambalo mwandishi wa vitabu hanalo, nalo ni kuwapo. Mjukuu akishtuka usiku wa manane alinyoosha mkono akamgusa. Bibi aliujua umri wa kila msikilizaji. Aliyaona macho yao kwa mwanga wa kibatari. Na akiona hofu imezidi kimo cha mdogo kabisa miongoni mwao, aliweza kulizamisha zimwi mtoni kabla ya wakati wake. Wahenga waliposema zimwi likujualo halikuli likakwisha, hapana shaka walikuwa wakiwafikiri jamaa na majirani, lakini maneno yao yanafaa hapa pia. Zimwi la bibi lilimjua kila mtoto kwa jina. Zimwi la kitabu halimjui mtu. Hufika katika mikono isiyojulikana, saa isiyojulikana, na aliyelituma wakati huo amelala, au anatazama besiboli.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili, wala haupo katika hofu yenyewe. Nao waonekana wazi zaidi katika riwaya mbili za mtungaji huyu, moja ambayo hakutaka kuitoa akaitoa, na ya pili ambayo alikwisha kuitoa akairudisha.

Katika mwaka wa masomo wa 1978 hadi 1979 King alifundisha katika University of Maine, mjini Orono, akakodi nyumba katika kijiji cha Orrington, kando ya barabara ipitayo malori makubwa. Barabara hiyo ilikuwa imeua mbwa na paka wengi, hata watoto wa mahali pale wakajitengenezea makaburi ya wanyama msituni nyuma ya nyumba. Paka wa binti yake aligongwa akazikwa huko. Kisha ikatukia siku mtoto wake mdogo kabisa, aliyekuwa ndiyo kwanza ajua kukimbia, akakimbilia barabarani na lori linakuja. Mtoto alisalimika. Lakini baba amesimulia ya kuwa sehemu moja ya akili yake haikuondoka tena pale kando ya barabara; iliendelea kuuliza, na lau asingalisalimika?

Kwa swali hilo ilitungwa riwaya ya Pet Sematary. Ndani yake yumo daktari, mtoto wake anauawa na lori, naye anauchukua mwili wake usiku na kwenda kuuzika katika ardhi ya kale irudishayo wafu, ijapokuwa haiwarudishi kama walivyokuwa. King alipoimaliza aliiona kuwa imepita mpaka. Mkewe hakuipenda. Akautia muswada katika mtoto wa meza, na kwa miaka kadhaa ukakaa humo. Ulitoka mwaka 1983, kwa sababu ya madai ya mkataba baina yake na kampuni ya Doubleday iliyomchapisha zamani: kampuni ilidai kitabu, na kitabu kilichokuwapo ni hicho. Muswada uliofichwa na baba ukatolewa na mdaiwa.

Mhakiki aliye mwepesi wa huruma atalipita jambo hili upesi. Lakini halifai kupitwa upesi. Mtu aliyeona ya kuwa maneno fulani hayafai kusemwa, akayasema kwa kuwa mkataba ulimlazimisha, hajitetei kwa kusema ya kuwa wasomaji waliyapenda. Waliyapenda kweli, na mauzo yalikuwa makubwa. Biashara yaweza kuthibitisha ya kuwa kitu kinatakiwa, haiwezi kuthibitisha ya kuwa kilikuwa chake mwenye kukiuza. Hofu ile ilikuwa mali ya nyumba nzima: ya mtoto aliyekimbia, ya dada yake aliyemlilia paka, ya mama aliyekuwa na haki ya kutoisoma. Baba alikuwa msimamizi wa mali hiyo, hakuwa mwenyewe peke yake.

Hata hivyo, kitabu kikisomwa kwa makini, chaonekana kuwa na adili kuliko namna kilivyotoka. Jambo la kutisha kuliko yote ndani yake si mtoto anayerudi kutoka kaburini. Ni baba anayekwenda peke yake. Katika nchi nyingi za Kiafrika msiba hauachwi mikononi mwa mfiwa. Watu humzunguka, hulala nyumbani mwake, humtumikia, hawamwachi hata nafasi ya kufikiri. Matanga yana kero zake, na kila aliyewahi kufiwa azijua, lakini ni ukuta pia. Daktari wa riwaya hana ukuta. Anashika sepeto usiku, hapana mtu wa kumshika mkono, na kila hatua anayoipiga ina hoja yake ya mapenzi. Ni vitabu vichache vyenye kusema waziwazi hivi ya kuwa mapenzi yanayokataa kuzika huweza kuwa uovu. Huenda ndiyo sababu kilimtisha aliyekiandika. Hakikumwachia baba yeyote mlango wa kutokea, na yeye mwenyewe alikuwa baba.

Riwaya ya pili ni nyepesi kwa sanaa, nzito kwa matokeo yake. King aliianza akiwa bado kijana wa shule ya sekondari, akaichapisha mwaka 1977 kwa jina la kubuni la Richard Bachman, nayo iliitwa Rage. Mwanafunzi anamwua mwalimu kwa bastola, anawafungia wenzake darasani, nao kidogo kidogo wanaanza kumwona kuwa ni mkombozi wao. Ni kazi ya kijana, yenye ghadhabu nyingi na subira haba, na kama isingalikuwa kwa yaliyofuata ingalisahauliwa. Yaliyofuata ni haya. Mwaka 1988 huko California, na mwaka 1989 huko Kentucky, wanafunzi wawili wasiojuana waliwashika wenzao mateka kwa silaha, na wote wawili ikajulikana ya kuwa waliisoma riwaya hiyo. Desemba 1997, katika shule ya Heath karibu na Paducah, Kentucky, mvulana wa miaka 14 aliwapiga risasi wenziwe walipokuwa wamekusanyika kusali asubuhi. Wasichana watatu wakafa, wengine watano wakajeruhiwa. Nakala ya hadithi hiyo ikaonekana katika kabati lake la shule.

King akawaomba wachapishaji wake wasiichapishe tena. Haikukatazwa na mahakama, wala serikali haikuitaja. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, Connecticut, mwezi wa Desemba 2012, aliandika makala iitwayo Guns akaeleza sababu zake. Hakukubali ya kuwa kitabu chake kiliwafanya wale wavulana kuwa wauaji. Alisema walikuwa na majeraha yao kabla ya kukiona. Lakini haifai kuacha debe la petroli mahali ambapo mtoto mwenye tamaa ya kuchoma vitu aweza kulifikia. Kisha akawageukia wenye bunduki, huku akikiri ya kuwa naye ni mmoja wao, akawauliza kwa nini wao wasiweze kuacha kitu kwa hiari yao kama yeye alivyoacha.

Jambo hili limebishaniwa sana, na wanaolipinga wana hoja isiyoweza kupuuzwa. Mtu aliyemwua John Lennon mwaka 1980 alikuwa na riwaya ya J. D. Salinger mkononi, na Salinger hakuiondoa. Kama kila kitabu kilichowahi kupendwa na mwenda wazimu kitaondolewa, maktaba zitabaki na vitabu vya hesabu, na pengine hata hivyo haviko salama. Tena, wasema, kuondoa ni kukiri: asiye na hatia hakimbii.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyo dhaifu, kwa kuwa imechanganya hatia na dhamana. Hatia ni deni la mtu aliyetenda. Dhamana ni mzigo wa mtu aliyeshika, hata kama hakutenda. Mwenye kuchimba kisima uani pake akakiacha wazi, mtoto wa jirani akatumbukia, hakumsukuma mtoto yule. Kadhi atamwuliza mengine, lakini hatamwita mwuaji. Walakini mtu huyo akiamka kesho yake asikifunike kisima, kwa hoja ya kuwa kukifunika ni kukiri, majirani watakuwa wamekwisha kujua ni mtu wa namna gani. Kufunika hakumrudishi aliyezama. Hakuthibitishi lolote juu ya jana. Ni tendo la leo, nalo linamhusu mtoto ambaye bado hajafika kisimani.

Na tofauti kati ya mwandishi kukiondoa kitabu chake na dola kukiondoa si ndogo. Dola ikianza kufunika visima vya watu haiachi mpaka nchi nzima ife kiu, na historia ya Afrika Mashariki, chini ya wakoloni na baada yao, ina mifano ya kutosha. Mwandishi akifunika chake, hakuna mwingine aliyepokonywa kinywaji. Haki ya kusema ina ndani yake haki ya kunyamaza, na haki hii ya pili haisifiwi sana na wasomi, labda kwa kuwa wao huishi kwa ile ya kwanza.

Hata hivyo sifa zisizidi kipimo. Rage ilikuwa kazi ya ujanani, na kuiacha hakukumpunguzia mwenyewe heshima wala riziki. Kama kitabu kilichoonekana katika kabati kingalikuwa The Shining, ambacho wengi wanakihesabu kuwa bora kuliko vyote, je, angalikifunika? Hapana ajuaye, pengine hata yeye. Dhamana hupimwa kwa thamani ya kitu kilichotolewa, na kwa kipimo hicho alichotoa kilikuwa chepesi. Lakini alikitoa, na waliokuwa na vitu vyepesi zaidi vya kutoa hawakuvitoa.

The Shining yenyewe yafungua mlango wa tatu, ule wa nyumbani. Ilichapishwa mwaka 1977, nayo ni habari ya mwandishi mlevi anayewapeleka mkewe na mwanawe katika hoteli iliyo mbali mlimani, humo akageuka kuwa adui yao. Wazo la hoteli lilimjia King mwaka 1974, alipolala na mkewe katika Stanley Hotel, huko Estes Park, Colorado, msimu ukiwa unakwisha na vyumba vikiwa vitupu. Wazo la baba lilitoka karibu zaidi. Amekiri hadharani ya kuwa katika miaka ile ya dhiki aliwahi kushtushwa na hasira aliyoiona moyoni mwake kwa watoto wake mwenyewe. Tena amekiri jambo kubwa kuliko hilo, ya kuwa aliiandika riwaya nzima ya mlevi pasipo kutambua kwamba alikuwa akijiandika yeye.

Wako wanaoamini ya kuwa uandishi husafisha moyo: mtu akiisha kuiweka hofu yake juu ya karatasi, basi imemtoka. Ni imani nzuri, na maisha ya King yaikanusha. Alimwandika mlevi, akaendelea kulewa. Katika miaka ya 1980 aliongeza kokeini juu ya pombe, na juu ya riwaya ya Cujo ya mwaka 1981 amesema ya kuwa hakumbuki sana hata kuiandika. Siku zile alikuwa na meza kubwa mno ya mwaloni katikati ya chumba chake cha kazi, meza aliyoiota tangu ujana, naye alikaa nyuma yake kwa miaka mintarafu ya sita kama nahodha wa jahazi lisilojua liendako. Hakuokolewa na riwaya. Aliokolewa na mkewe, aliyewakusanya jamaa na marafiki, akamwaga mbele yao mfuko wa takataka uliotoka katika chumba kile: makopo ya bia, vipisi vya sigara, kokeini na vidonge. Kisha akamwambia achague, ama atibiwe, ama aihame nyumba. Yeye na watoto walimpenda, lakini hawakuwa tayari kumtazama akijiua.

Kitisho kilichoandikwa hakikumfundisha kitu mwandishi wake. Kitisho kilichomwagwa zuliani kilimfundisha. Baada ya kuacha ulevi aliiondoa meza ile, akaweka mahali pake viti na zulia, na watoto wake wakaanza kuja jioni kutazama michezo na sinema na kula piza, wakiacha makombo. Yeye akapata meza nyingine, nusu ya ile ya kwanza, akaisukumia pembeni chini ya paa lililoinama. Kwa maneno mengine, alifikia kuona ya kuwa sanaa ndiyo inayopaswa kuyatumikia maisha, wala maisha hayakuumbwa kuitumikia sanaa. Wasanii wengi husema kinyume, na husemewa na wanafunzi wao. Na ukiwatazama kwa karibu utakuta mara nyingi yuko mtu mwingine nyumbani anayelipa gharama ya falsafa hiyo.

Katika nyumba hii mtu huyo ni rahisi kumtaja. King hufundisha ya kuwa rasimu ya kwanza iandikwe na mlango umefungwa. Ni shauri jema, lakini mlango una pande mbili. Upande wa nje alikuwa Tabitha, naye ni mtunzi wa riwaya kwa haki yake mwenyewe. Walipokuwa maskini, mume akifundisha katika shule ya Hampden, waliishi katika nyumba ya kukokotwa kwa gari, naye aliandika katika chumba cha kufulia nguo, akibandika meza ya mtoto juu ya mapaja yake, kwa taipureta ya mkewe. Kurasa za kwanza za Carrie alizitupa kapuni. Ni Tabitha aliyeziokota, akazikung’uta, akamwambia aendelee. Mwaka 1973 haki za toleo la bei nafuu la kitabu hicho ziliuzwa kwa dola 400,000, nusu yake ikawa ya mwandishi. Alitoka mbio kumnunulia mkewe zawadi, na kitu cha thamani kuliko vyote alichokiona dukani kilikuwa mashine ya kukaushia nywele.

Shirley Jackson hakuwa na mtu wa kumshikia mlango. Aliishi North Bennington, Vermont, ana watoto wanne, mume mhakiki na mwalimu wa chuo, na jiko. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wazo la hadithi ya The Lottery lilimjia asubuhi moja ya Juni alipokuwa akisukuma kigari cha mtoto na vyakula vya siku hiyo kupanda mlima. Alifika nyumbani, akamweka mtoto mahali pake, akaweka mboga mahali pake, akaketi kuandika. The New Yorker iliichapisha tarehe 26 Juni 1948, na kabla ya mwisho wa kiangazi alikwisha kupokea barua zaidi ya 300, nyingi za matusi na mshangao. Zilizomsema kwa wema aliziona ni 13 tu. Mtu aliyewatisha Wamarekani hata wakashindwa kujizuia kuandika alikuwa pia mwandishi wa Life Among the Savages, kitabu cha mwaka 1953 chenye kuchekesha juu ya watoto na nyumba. Watu wakashangaa mikono hiyo miwili ni ya mwili mmoja. Hapakuwa na cha kushangaza. Yeye hakuwa na asubuhi ya kazi na jioni ya jamaa; alikuwa na saa zilizochanganyika, hofu na uji katika chungu kimoja. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 48. Juma zuri la Bangor, lenye mipaka yake safi, lastahili kutazamwa pamoja na lile la Vermont, ili ijulikane ya kuwa utulivu wa mwandishi si tabia njema tu. Ni mali pia, nayo hugawiwa kama mali nyingine zigawiwavyo.

Yabaki ile jioni na besiboli yake. Wasioujua mchezo huo, ambao ni wa gongo na mpira na subira nyingi, huenda wakauona kuwa ni puo tu. Lakini kwa mtu wa kazi hii una maana yake. Asubuhi yeye ndiye mwenye kuamua nani atakufa na nani atafika asubuhi ya pili; hakuna mlango unaofunguka bila ya idhini yake. Jioni hana mamlaka hata juu ya mpira mmoja. Red Sox walikuwa wametwaa ubingwa mwaka 1918, kisha wakakaa miaka 86 pasipo kuutwaa tena, mara kwa mara wakianguka katika hatua ya mwisho kwa namna ambayo mtunzi mwenye haya asingalithubutu kuiandika. King aliwashangilia katika miaka hiyo ya ukame. Mwaka 1999 alitoa riwaya ya mtoto wa kike aliyepotea msituni, anayeshikiliwa uhai na sauti ya mchezo katika redio. Na mwaka 2004 alipokuwa akiandika na Stewart O’Nan kumbukumbu za msimu mzima, mchezo baada ya mchezo, timu ikatwaa ubingwa. Mpenzi wa timu hujua hofu iliyo halisi kabisa, moyo huenda mbio na mikono hulowa jasho, wala hofu hiyo haimdhuru mtu, haina mtu aliyeitunga, na jirani wote wanayo usiku huohuo. Yafanana zaidi na usiku wa bibi kuliko kitabu chochote.

Watoto wake walipokua naye aliusogelea mchezo kwa njia nyingine. Mwaka 1989 timu ya watoto ya Bangor Magharibi, ambamo mwanawe Owen alicheza, ilishinda katika jimbo zima la Maine, na baba akaandika habari zao kwa urefu katika The New Yorker mwaka 1990, bila ya pepo hata mmoja. Yule Owen ni mtoto aliyekimbilia barabarani kule Orrington. Miaka miwili baadaye, 1992, ukafunguliwa mjini Bangor uwanja wa besiboli wa watoto na vijana, uliojengwa kwa fedha walizozitoa King na mkewe, fedha za mbwa mwenye kichaa na hoteli na makaburi. Watu wa mji waliupachika jina la utani la kutisha, kama ilivyotazamiwa. Jina lake rasmi ni jina la mtoto wa kocha mmoja, rafiki wa nyumba ile, mtoto aliyefariki akiwa kijana mdogo, nalo limeandikwa pale ambapo kila mchezaji aingiaye hulisoma.